Tansiyo ya Ruziba, presha ya Kigoma: pima moyo ungali mzima

RUZIBA, Bujumbura

Niliambiwa "kumi na sita kwa kumi" nikacheka.

Ilikuwa hapa Ruziba, katika duka la dawa karibu na soko, gari la Rumonge likisubiri abiria wa mwisho. Nilikuwa nimeingia kununua vidonge vya kichwa tu. Binti aliyekuwa akihudumia akaniuliza umri, nikamwambia 46. Akaniuliza kama nimepima tansiyo mwaka huu, nikamjibu kwamba mimi sina ugonjwa huo. Hakubishana nami. Alinikalisha, akanifunga ule mkanda mkononi, mashine ikajaa hewa na kushuka, akaandika 16/10 kwenye kipande cha karatasi. Kisha akaniambia kwa heshima, "Papa, hii si nzuri, umwone daktari."

Mimi nimekulia Kigoma. Kule presha hutajwa kwa mamia: mia na ishirini, mia na arobaini. Kumi na sita nikaiona namba ya mtoto. Nikaitia karatasi mfukoni, nikapanda gari.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Kigoma nikimsindikiza jamaa hospitali. Muuguzi, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi, akanipima na mimi: 164 kwa 102. Akaniuliza kama nimewahi kuambiwa nina presha. Nikamwambia hapana, kisha nikakumbuka ile karatasi. Ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati, imefuliwa, lakini namba ilisomeka. Kumi na sita ya Ruziba na mia na sitini ya Kigoma ni kitu kimoja. Wiki tatu nilitembea nayo kama noti ya nchi nyingine ambayo mtu anadhani haina thamani.

Nasimulia aibu hii kwa sababu wengi wa wanaosoma gazeti hili wanaishi hivyo hivyo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Ukitoka katikati ya Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, ukishaipita Kanyosha, unaingia Ruziba: kulia Ziwa Tanganyika, kushoto milima. Ndiyo njia ya mawese ya Rumonge na ya ndagala. Ndiyo njia yetu sisi tunaoshuka Nyanza-Lac, tukavuka Mugina na Manyovu hadi Kigoma. Wengine huelekea upande wa pili, Gatumba na Uvira. Tunajua kubadili faranga kuwa shilingi kichwani bila kalamu. Tunajua kwamba mukeke wa hapa ndiye migebuka wa kule. Lakini namba za mwili wetu hatujui kuzibadili, na nyingine hatujawahi kuzisikia.

Tuanze na mabadilishano hayo, maana ni mepesi. Burundi na Kongo, kwa mazoea ya Kifaransa, watu wengi hutaja tansiyo kwa sentimita za zebaki: 12 kwa 8, 14 kwa 9. Tanzania, Kenya na Uganda hutaja kwa milimita: 120 kwa 80, 140 kwa 90. Zidisha kwa kumi, basi. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, ya juu au ya chini peke yake, na ikarudia hivyo siku nyingine, hilo ni shinikizo la juu la damu, uwe upande wowote wa mpaka.

Sukari nayo ina sarafu zake. Ukipimwa asubuhi hujala kitu, maabara moja itakuandikia 126, nyingine 1.26, nyingine 7.0. Zote tatu ni kiwango kimoja: miligramu kwa desilita, gramu kwa lita, na milimoli kwa lita. Hapo ndipo mlango wa kisukari. Mtu aliyezoea kuona 7 akiambiwa 126 anaweza kuzimia kwa hofu bure, na aliyezoea 126 akiambiwa 11 anaweza kuondoka akishangilia huku sukari yake iko juu sana.

Kwa nini upime na huumwi

Hili ndilo swali la sokoni, na ni swali la haki. Mtu anayeuza mawese kwa bidoni, anayeamka saa kumi alfajiri, akiambiwa aache meza yake aende kupima ugonjwa asiousikia, lazima aulize faida.

Jibu ni kwamba presha haina dalili za kutegemea. Wengi wetu tunangoja kichwa kigonge au macho yaone vimulimuli. Mimi nilidhani kichwa changu ni cha jua la barabarani, na huenda kweli kilikuwa hivyo, maana watu wengi wenye presha kubwa hawaumwi kichwa kabisa. Kinachoendelea ndani hakina kelele. Mishipa inakazana, ukuta wa moyo unanenepa kama msuli wa mbeba mizigo, figo zinachakaa. Miaka kumi au kumi na mitano inapita hivyo. Halafu siku moja mtu anaanguka akishusha mzigo, au anaamka mdomo umeenda upande, na watu wanasema amerogwa, jana alikuwa mzima. Jana hakuwa mzima, ila hakuna aliyempima.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya dunia kuhusu ugonjwa huu iliyotoka Septemba 2023, lilikadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.3 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Kati ya kila watano, wanne hawapati matibabu ya kutosha. Shirika hilo hilo lilihesabu vifo milioni 17.9 vya magonjwa ya moyo na mishipa mwaka 2019, zaidi ya robo tatu katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo ule usemi wa kwamba moyo ni ugonjwa wa wazungu na matajiri umeshapitwa na wakati.

Burundi haihitaji kuambiwa na takwimu. Juni 2020 nchi ilitangaziwa kifo cha Rais Pierre Nkurunziza, akiwa na miaka 55. Tangazo la serikali lilisema Jumamosi alikuwa Ngozi akitazama mchezo wa voliboli, usiku akajisikia vibaya, akapelekwa hospitali ya Karusi, Jumapili akapata nafuu na kuzungumza na watu, na Jumatatu tarehe 8 moyo ukasimama. Huyu alikuwa mtu wa michezo, mwenye timu yake ya soka, Haleluya, na kila mtu alimwona akicheza. Bujumbura nzima inapenda mazoezi, Jumamosi asubuhi barabara hujaa wakimbiaji, na ni jambo jema sana kwa moyo. Lakini kukimbia si kupima. Mwembamba anayekimbia anaweza kuwa na 17 kwa 11, na mnene aliyekaa kitako dukani akawa na 12 kwa 8. Kwa macho hutambui.

Tangu lini, na kila baada ya muda gani

Watu wengi wanaweka presha kwenye kapu la uzee. Huko ni kuchelewa.

Kijana wa miaka 20 anayeendesha bodaboda anapaswa kuijua namba yake walau mara moja. Ikiwa ni nzuri, chini ya 120 kwa 80, si mnene, na kwao hakuna aliyeanguka kwa presha, kiharusi au moyo mapema, anaweza kurudia kila miaka mitatu hadi mitano. Ikiwa baba au mama ana presha, arudie kila mwaka. Katika umri huo kuna jambo jingine ambalo kwetu Afrika Mashariki halijaisha: moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto anapata maumivu ya koo, hayatibiwi, mwili unapambana na vijidudu na katika kupambana unajeruhi valvu za moyo. Miaka inapita. Akifika ishirini na kitu anahema akipanda ngazi, au binti anapatwa na shida kubwa akiwa mjamzito. Daktari akiusikiliza moyo kwa makini anaweza kugundua mlio usio wa kawaida mapema zaidi. Kwa hiyo ukienda kliniki kwa sababu yoyote, omba usikilizwe kifua.

Akina mama nawasisitizia zaidi, kwa kuwa ndio wengi mezani Ruziba na ndio wengi kwenye vivuko. Mwanamke aliyepata presha wakati wa ujauzito mara nyingi huambiwa itaondoka akijifungua. Kweli huondoka, lakini huwa imeacha alama: ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua presha na moyo baadaye kuliko mwenzake. Huyo asisubiri miaka 40, apime kila mwaka tangu mtoto angali mgongoni. Vilevile anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango apimwe kabla ya kuanza, na baada ya hapo asiache. Na hedhi ikishakoma, ile nafuu ambayo wanawake walikuwa nayo juu ya wanaume huanza kupungua.

Kuanzia miaka 40 ni kila mwaka kwa kila mtu, na sukari iongezwe, mapema zaidi kwa mwenye tumbo kubwa au ndugu mwenye kisukari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya kukadiria hatari ya mtu kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi ijayo, kwa umri wa miaka 40 hadi 74, kila kanda ya dunia na jedwali lake. Burundi, Tanzania, Kenya na Uganda ziko kwenye moja, Kongo iko kwenye jingine. Nimeyapenda kwa sababu moja: liko toleo lisilohitaji maabara. Umri, jinsia, sigara, presha, uzito na urefu, basi. Mhudumu wa kituo kidogo cha afya mwenye mizani, futi kamba na mashine ya presha anaweza kukuonyesha rangi yako, ya kijani au nyekundu, kwa dakika chache.

Waliopita sitini waongeze kushika mapigo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika moja. Yakiwa yanaruka ovyo bila mpangilio, mwambie daktari, maana kuna aina ya mapigo ya hovyo inayotengeneza mabonge ya damu na kuyapeleka kwenye ubongo. Kipimo hiki hakina bei.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenye mashine hawatalipenda. Siku hizi zipo sehemu unaingia ukiwa na tansiyo nzuri, hujisikii lolote, na unatoka umelipia picha ya moyo, karatasi ya umeme wa moyo na vipimo kumi vya damu. Kwa mtu asiye na dalili na mwenye hatari ndogo, karatasi ya umeme wa moyo haina msaada uliothibitishwa, na wataalamu wa Marekani wanaopitia ushahidi wa vipimo wanashauri asifanyiwe. Vipimo hivyo vina wakati wake: maumivu ya kifua, kuhema, kuzirai, mlio kwenye valvu, presha iliyokaa juu muda mrefu. Fedha yako ianze kwenye mkanda wa mkononi na tone la sukari.

Namna ya kupimwa usidanganywe

Mfanyabiashara huikagua mizani kabla ya kununua. Fanya hivyo hivyo na presha. Usikubali kupimwa umefika sasa hivi umebeba mzigo, au umesimama. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Usiongee wakati mashine inafanya kazi, wala usijibu simu. Kama mkono wako ni mnene, waulize kama wana mkanda mkubwa zaidi, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa hupandisha namba isivyo kweli. Wapime mara mbili. Na namba moja mbaya isikuvunje moyo, bali ikurudishe siku nyingine. Isipokuwa ikifika 180 kwa 120 na kifua kinabana, unahema, au upande wa mwili unakosa nguvu: hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, mzigo utabaki na jirani.

Wapo wanaoniuliza kwa nini presha imewaandama watu wa njia hii. Sehemu ya jibu tunaiuza wenyewe. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikifika Burundi tangu kabla ya Wajerumani, na haina kosa, ila Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo cha chai kikiwa sawasawa. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mchemraba wa mchuzi, halafu chumvi nyingine ya kunyunyizia mezani: kijiko kimeshapita kabla ya jioni. Samaki huyo aloweshwe na maji yamwagwe. Jingine tunalimeza bila kujua: dawa za maumivu ya mgongo kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wabeba mizigo na madereva huzinunua kama karanga, hupandisha presha na kuchosha figo zikitumiwa kila siku.

Ukiambiwa unayo, ujue safari ya dawa ina vituko vyake mpakani. Nimekaa na watu waliomeza vidonge mwezi mmoja, wakapimwa wakakuta 12 kwa 8, wakaacha kwa furaha. Namba ile ilikuwa nzuri kwa sababu ya kidonge. Wengine dawa inawaishia Kigoma, wanakwenda famasi na kutaja rangi ya boksi la Bujumbura. Rangi na jina la kiwanda hubadilika kila nchi. Lisilobadilika ni jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo, kama amlodipini, pamoja na miligramu zake. Liandike hilo. Na ukivuka, beba za wiki mbili zaidi ya siku zako, maana sote tunajua safari ya siku tatu inavyoweza kugeuka ya siku kumi mafuta yakikosekana.

Gharama ya kungoja inajulikana. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, inayopasua na kuzibua mishipa na kupokea wagonjwa hata kutoka nje ya Tanzania. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeiongoza na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, wengi wanamfahamu kwa kuwasihi watu wapunguze kula. Ni fahari kwetu sote wa Jumuiya. Lakini kutoka Ruziba ni zaidi ya kilomita elfu moja, na anayekwenda huko amelala ndani ya gari huwa ameshauza kiwanja.

Kwenye vivuko vyetu tunabeba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu kuna ofisa wa kuiuliza. Ya moyo haulizwi mtu. Ndiyo maana nimenunua daftari dogo la shule, la kurasa 32, linalokaa pamoja na hati ya kusafiria. Kila mstari una tarehe, mji, namba kwa mamia, na dawa. Daktari wa Bujumbura anasoma alichopima mwenzake wa Kigoma, na mara ya kwanza alipoliona alilipitia mistari yote kabla ya kunigusa mkono. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya kutisha: 164, 158, 161. Kisha dozi ikabadilishwa, chumvi nikaipunguza, namba zikaanza kushuka.

Wiki iliyopita nilishuka tena Ruziba na kuingia katika duka lile lile. Binti hakunikumbuka. Nikakaa dakika tano zangu kimya, dereva akipiga honi nje, kisha akapima mara mbili na kuniambia, "Kumi na tatu kwa nane." Nikaandika 130/80. Nilipotoka, gari la Rumonge lilikuwa limeondoka, nikakaa kwenye bidoni tupu la mawese kungoja linalofuata.